Shamari Nyuma ya Jikoni

Mpendwa Baba Chebet,

Najua barua haziendi huko uliko. Lakini mwili wako uko hapa tu, karibu sana na jiko langu, hata nikimwaga maji ya kuoshea vyombo lazima niangalie ninakomwaga. Na bado hatujazungumza tangu tukuzike. Nikipiga magoti naongea na Mungu, siyo na wewe. Mchungaji alishatuonya sisi wajane tusichanganye hayo mambo mawili. Kwa hivyo nimechukua kalamu. Naandika wazi, anayetaka kusoma asome, kwa sababu nina neno ambalo nimelibeba kifuani, na nikilitia kwenye bahasha nitakuwa nimelificha tena.

Neno lenyewe nitalisema. Ila nikianza nalo utaniambia, kama ulivyozoea, "Mama Chebet, unasonga ugali kabla maji hayajachemka." Basi ngoja yachemke.

Unakumbuka chumba chetu cha kupanga kule mtaani West Indies? Ulikuwa unaendesha lori la mahindi, unakula popote, saa yoyote, na tumbo lako likawa linajaa hewa kama gurudumu. Siku moja ukarudi na karatasi iliyokunjwa kutoka duka la viungo pale mjini. Ndani kulikuwa na vijimbegu vya kijani, vyembamba, vyenye mistari. Mwenye duka alikuambia ni shamari, utafune kidogo baada ya kula. Ulipokaa karibu nami nikakuambia, "Unanuka kama dawa ya kikohozi." Ukajibu, "Afadhali dawa ya kikohozi kuliko ile harufu ingine." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini wewe hukuweza kuona mbegu ukaitafuna yote. Lazima nyingine uizike uone itafanya nini. Ukajaza udongo kwenye kopo la rangi, ukaliweka mlangoni, na baada ya muda yakatoka majani kama nywele za mtoto mchanga. Watoto wa ploti wakawa wanapita wakiyashika na kunusa vidole. Mvulana wa mwenye nyumba akaliangusha kopo kwa mpira, na ukahuzunika kana kwamba ameangusha lori. Ukasema, "Siku nikipata mchanga wangu mwenyewe, nitaipanda mahali hakuna mpira."

Mungu akatupatia huo mchanga. Robo ekari upande wa Chepkoilel, upepo mtupu, hakuna mti hata mmoja, na nyumba ya mabati iliyokuwa ikilia mvua ikinyesha kama mtu anamwaga maharagwe. Kabla hujachimba choo ulikuwa umeshapima bustani.

Na hapo ndipo tulipokosea, tukiwa wote wawili watoto wa wakulima. Kila kitu tulichojua huanza kitaluni. Sukuma wiki ni kitalu, kabichi ni kitalu, vitunguu ni kitalu. Nani angetuambia kuna mboga isiyotaka mizizi yake iguswe? Tulisia shamari kwenye kitalu kizuri, tukakifunika kwa nyasi, tukamwagilia asubuhi na jioni. Miche ilipofika kimo cha kiganja tukaing'oa kwa upole, tukaihamisha kwenye mistari, samadi ya kutosha, kila mche na kivuli chake cha majani ya mahindi. Haikufa. Ingekufa tungeelewa. Ilikaa kimya, halafu ikafyatuka kwenda juu, nyembamba, ikatoa maua ya manjano kama miavuli, na chini pale tulipotarajia shina linene jeupe kama la kitunguu, hakukuwa na kitu.

Mama Wanjiku, jirani yetu mwenye duka, aliegemea ua wake siku hiyo. Unamjua kwa mdomo. "Baba Chebet, hii ni mboga ama ni maua ya harusi?"

"Ni mboga, Mama Wanjiku. Imechanganyikiwa tu."

"Imechanganyikiwa, ama mmeichanganya?"

Msimu uliofuata ulichukua mbegu za hayo maua, ukazisia moja kwa moja pale zitakapokaa, ukapunguza miche badala ya kuihamisha. Ulipoona mashina yanaanza kuvimba ukawa unayavutia udongo polepole kwa mkono, siyo kwa jembe, ili yawe meupe. Ukaniita nije nione. "Huyu," ukasema, "ukimsia, umemsia. Hahami."

Ndipo tukagundua la pili. Nyanya zilizokuwa kando yake zilidumaa, na dania ikawa kama imeona jini. Ukasimama mikono kiunoni, ukasema, "Na tena hapendi majirani. Kama Kiptoo."

Nikakukemea, maana Kiptoo ni kaka yako mkubwa. "Usimtukane ndugu yako."

"Simtukani. Nasema tu alipewa shamba lake peke yake kule Timboroa na bado anaangalia la mwenzake."

Ukaipa shamari sehemu yake nyuma ya jikoni, mbali na mboga nyingine. Na huko ndiko iliko mpaka leo.

Hebu nikukumbushe pia ile Jumapili ya mavuno, ucheke. Wengine walileta mahindi, maziwa, kuku, malenge. Wewe ukabeba shamari zako tatu, zimeoshwa, zinang'aa, na majani yake yote. Mzee anayeendesha mnada akaishika moja juu mbele ya kanisa lote. "Bwana asifiwe! Na hii sasa ni nini? Kitunguu yenye nywele!" Kanisa likaanguka kwa kicheko. "Nani anafungua mnada?" Kimya. Mama mmoja nyuma akauliza, "Kwani inapikwa ama inanyolewa?" Hata mchungaji alificha uso kwa Biblia. Ikabidi usimame uinunue mwenyewe. Tukarudi nayo nyumbani, nikaikaanga na nyama, watoto wa majirani wakaokota nyama wakaacha ile nyingine. Chebet wetu, mtoto wa pekee, ndiye aliyeitafuna mbichi, kwarakwara, akisema ni kama peremende ya maji. Ulimtazama kama umepata mrithi.

Miaka ilienda hivyo. Halafu koo lako likaanza kukataa chakula. Kwanza ugali, halafu mkate, halafu hata uji mzito. Hospitali kubwa walitueleza kwa upole, na sisi tukaitikia kwa upole, kama watu wanaoelekezwa njia. Mwishoni chai ya mbegu za shamari ndiyo ilikuwa inapita, kijiko kwa kijiko. Sidhani ilikuponya chochote. Lakini ulikuwa unafumba macho ukiinywa, kama mtu aliyefika nyumbani.

Ndipo ile alasiri ndugu zako walipokuja kutoka Timboroa. Mchungaji alikuwepo, Mama Wanjiku alikuwa ameleta maziwa. Kiptoo alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani mwake, mpaka gari la kukubeba. Ukanyanyua mkono, na kwa ile sauti iliyobaki ukasema, "Mtanizika hapa. Nyuma ya jikoni, kando ya shamari."

Kiptoo akashtuka. "Kaka, watu wetu wote wanalala Timboroa. Baba yuko huko."

"Timboroa kuna baridi," ukasema.

Watu wakacheka, hata yeye. Halafu ukamtazama yeye, hukunitazama mimi. "Nikiwa hapa, nani atamwambia Mama Chebet ahame?"

Hakuna aliyecheka tena. Mchungaji akasema, "Tumesikia." Na mimi, Baba Chebet, nilitoka nje nikalia kwa furaha. Nilijua yaliyokuwa yakisemwa, kwamba Chebet ni msichana na ameshaolewa, kwamba ploti ya mtu wa ukoo haiwezi kubaki kwa mwanamke. Ulikuwa umechukua mwili wako mwenyewe ukaufanya kufuli. Sijawahi kupewa zawadi kubwa hivyo na binadamu.

Na ilifanya kazi. Tangu siku ile simiti ilipokauka hakuna aliyekohoa juu ya ploti. Kiptoo hupita, hunywa chai, hutazama kaburi, huenda zake.

Sasa maji yamechemka. Nisonge.

Nataka kuondoka.

Nimeliandika, na nyumba haijaanguka. Nataka kuondoka hapa, Baba Chebet. Siyo kwamba nimepata mtu, usinifikirie hivyo. Siyo kwamba nimekusahau. Chebet alijifungua mvulana huko Kitale, akampa jina lako. Mumewe anafanya kazi mbali, anakuja mwisho wa mwezi, na Chebet mwenyewe amerudi kufundisha. Hunipigia simu mtoto akiwa mapajani, na mtoto anailamba simu. "Mama, njoo ukae. Nataka amwite bibi yake gogo akikuangalia usoni, siyo akiangalia simu."

Nilienda wiki moja tu. Nililala usingizi ambao sikujua bado ninao. Mtoto alitambaa juu yangu kama mimi ni kilima. Niliporudi, mbuzi wa mtu alikuwa ameingia, amekula sukuma yote na kuacha alama za miguu juu ya simiti yako. Kabla sijatua mfuko, simu ya Kiptoo ikaita.

"Shemeji, nasikia boma lilikuwa limefungwa."

"Nilienda kuona mjukuu."

"Ni vizuri. Lakini kaburi la mwanaume haliachwi bila moshi. Ukiona umechoka kukaa, sema tu. Nitamleta kijana wangu akae, awashe moto."

Aliongea kwa heshima. Hakuna neno hata moja ambalo ningeweza kulishika nimwambie, hapa umenikosea. Lakini wewe unamjua shamari. Ukimpa nafasi kando ya nyanya, nyanya imekwisha.

Basi nikafikiri, niuze. Nisamehe, nilifikiri hivyo. Bwana mmoja na mkewe walikuja kuangalia, watu wapole, wameokoka. Nikawapikia chai. Mke akapenda hewa, akapenda maji, akachungulia nyuma ya jikoni akauliza, "Na hii simiti, ni ya tangi?"

Nikasema, "Ni mume wangu."

"Aaah," akasema. Mumewe akamaliza chai ikiwa bado inachoma. Waliomba kwa kifupi, wakaenda, na hawajapiga simu. Mama Wanjiku alicheka mpaka akashika ua. "Ungewaambia ni tangi, Mama Chebet! Wangejua mbele ya safari!" Nami nikacheka naye. Halafu niliingia ndani nikakaa kitandani, na kile kicheko kikageuka kilio.

Kwa sababu niliona vizuri siku hiyo mahali nilipo. Nikibaki, nimebaki. Nikienda, mwingine anaingia, na Chebet hatakuwa na mahali pa kusema kwetu ni hapa. Nikiuza, hakuna wa kununua. Kufuli uliloweka linafunga kutoka nje na kutoka ndani, na ufunguo ulienda nao.

Hujui jinsi wanavyonisifu. Kanisani akina mama huniambia, "Wewe ni mfano. Wengine wangekuwa wameshaenda." Mgeni akifika, macho yake hutangulia nyuma ya jikoni kabla hayajanifikia mimi. Wanapima mapenzi yangu kwa urefu wa nyasi. Kwa hivyo nafyeka. Nafagia. Nang'oa shamari zinazojiotea zenyewe kwenye nyufa za simiti yako, maana zimedondosha mbegu kila mahali, na kila nikizing'oa mikono yangu inanuka wewe. Asubuhi naamka nikifikiria nitafanya nini leo, na jibu ni lile lile: nitakaa. Kazi yangu ni kukaa. Nimekuwa mlinzi wa geti la mtu aliyelala, na mimi ndiye niliyefungiwa.

Nimeliombea jambo hili mpaka magoti yakawa sugu. Nilisubiri Mungu aniambie kaa au nenda. Hakusema. Lakini wiki iliyopita, nikiwa nimeinama napunguza miche ya shamari, nilimkumbuka Kiptoo siku ile alivyonyamaza. Hakunyamaza kwa sababu ulikuwa mkali. Alinyamaza kwa sababu ulisema pale mchungaji alipo, na ulisema habari ya mahali pa kulala. Watu wetu watabishana na mtu juu ya mahali anapoishi. Mahali anapotaka kuzikwa, hawabishani sana.

Nikatafuta mawe manne. Nikayapanga upande wako wa kushoto, kati yako na mistari ya shamari, urefu wangu. Nilijilaza kwanza nipime, na Mama Wanjiku akaniona kutoka kwake, akapiga kelele, "Yesu! Mama Chebet, amka!" Ilinibidi nimweleze kila kitu. Akakaa kimya, jambo ambalo hujawahi kuliona, halafu akasema, "Nitakuwa nakuwashia moto mimi. Nitakuja na makaa yangu. Wakitaka moshi, watauona."

Jumamosi nikamwita Kiptoo. Nikamwita mchungaji. Mama Wanjiku alikuja na maziwa, kama ile siku. Nilipika shamari na nyama, na kaka yako alikula zote mbili, sikia hilo. Walipomaliza nikasimama.

Nikasema, "Shemeji, mchungaji, mimi naenda Kitale kulea mtoto mwenye jina la mume wangu. Sijahama. Pale mnaona mawe, ndipo nitakapolala. Popote nitakapofia, mnilete hapo. Mpaka siku hiyo ufunguo ni wa Mama Wanjiku."

Kiptoo alitoka nje. Tukamfuata. Aliyatazama yale mawe kwa muda mrefu, akalizunguka lile la pembeni, akalisukuma kidogo kwa kiatu aone kama limekaa imara. Nilikuwa nimeyazika nusu.

"Hii yote, Shemeji, kwa sababu ya mtoto?"

"Kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu yangu."

Mchungaji akasema, "Tumesikia."

Kiptoo hakusema amekubali. Alisema tu, "Haya. Kitale si mbali," akaomba maji ya kunawa. Sijui moyoni ana nini. Labda atarudi na kijana wake nikishapita Moi's Bridge njiani kwenda Kitale. Lakini itambidi amlaze kijana kando ya mahali pangu, mbele ya watu wote waliosikia.

Nataka nikuambie nilijisikia huru. Kidogo, ndiyo. Lakini nisikudanganye, wewe hukuwahi kunidanganya. Ili nipate ruhusa ya kutoka kwenye geti hili, imenibidi niahidi kwamba sitatoka kamwe. Nilikuwa na matumaini fulani ya kijinga ya kulala siku moja kule kwetu, karibu na mama yangu, mahali penye miti. Hayo nimeyapanga ndani ya yale mawe manne pia. Wewe uliniwekea kufuli moja, la pili nimeliweka mwenyewe. Ila hili nimelifunga mimi, kwa mkono wangu, nikiwa nimesimama, na nikilifikiria hivyo napumua.

Nimefunga mfuko. Blanketi la mtoto liko juu, na karatasi ya mbegu, iliyokunjwa kama ile ya duka la viungo. Mche sibebi, nimeshaelewa.

Jana jioni nilifanya jambo la mwisho. Ile sehemu kati ya mawe ilikuwa udongo mtupu, na nikaona aibu kuiacha hivyo. Nikailainisha kwa mkono, nikachora mistari kwa kidole, nikasia shamari. Bila kitalu. Pale pale zitakapokaa.

Mama Wanjiku atazimwagilia. Zikivimba, nimemwambia avune, apike na nyama. Akiacha nyingine zichanue, sawa pia.

Lala vizuri, Baba Chebet. Nafasi yangu usiikalie.

Mkeo,
Mama Chebet